Kondoo wa Ijumaa amevaa kengele ya ngamia

Leo mama yangu ameharibu karamu ya Ijumaa.

Nimemkuta binti yangu uani amempanda kondoo wa wageni. Nikafoka: "Shuka! Huyo ni wa kuchinjwa!"

Mama akanikatiza. "Mwache. Wakati wa vita vya Shifta ngamia wetu waliisha kwa risasi. Akabaki kondoo mmoja. Mimi na dada yangu tulikuwa tunampanda, tunamwita ngamia."

"Aliishia wapi?"

"Tulimla. Njaa."

Akaingia ndani, akatoka na kengele ya mbao, ile ya kuvalishwa ngamia. Wallahi, sikujua anayo! Akamfunga kondoo shingoni, akaenda kuswali.

Wageni wangu, Ijumaa ni maharagwe.

Mwenye kutaka nyama aje amvue kengele mwenyewe, mama akiangalia.