Baba alisimama kumsalimia madam

Leo Baba amenyimwa tena pesa za walemavu, na ni kwa sababu ana adabu.

Tangu aanguke kutoka mtini akikata matawi, hatembei. Mara ya kwanza walimkataa, wakasema hajaumia vya kutosha. Leo tulienda Nyeri kukata rufaa, nikimsukuma kwa kiti cha magurudumu tulichoazima kanisani.

Alivaa suti ya Jumapili. Mimi bintiye nilimwomba avae sweta tu.

"Hatuendi ofisini kama tunaenda kukama ng'ombe, mami."

Madam wa kusikiliza rufaa akaingia, mama mwenye mvi.

Baba akashika meza kwa mikono miwili, akasimama.

Jamani, alisimama! Kwa sababu hawezi kumsalimia mtu mzima akiwa amekaa.

"Kumbe unasimama, mzee," madam akasema, akaanza kuandika.

"Kidogo tu, madam." Alikuwa anatabasamu, jasho likimtoka.

Mnajua mimi na kuongea mbele ya watu. Lakini nilijaribu. Nikasema usiku huwa analia tukimgeuza kitandani.

"Msichana, sikusikii."

Kabla sijarudia, Baba akanigusa mkono. "Mwache madam aandike, mami."

Wamekataa. Wamesema hakuna rufaa nyingine. Kama kuna mtu anajua pengine pa kwenda, tafadhali aniandikie, hata inbox.

Sasa amelala, mgongo umevimba, hataki chai. Ameniuliza swali moja tu tangu turudi.

"Lakini madam aliona nimemheshimu?"

Nimemwambia aliona.