Kibao Nilichokigeuza

Kijijini kwetu, upande wa Handeni, mtu akiulizwa habari anajibu salama. Hata aliyetoka kuzika hujibu salama kwanza, ndipo aseme nani amefariki. Nilijibu hivyo miaka yote nilipokuwa karani wa ghala kwenye shamba la mkonge kule Korogwe, nikajibu hivyo niliporudi nyumbani kulima mahindi, na sikuona kosa lolote ndani yake. Aliyeliona ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa. Alikuwa kidato cha tatu, akiishi nasi kwa kuwa mama yake yuko Dar, anashona.

Mwalimu wao wa klabu aliwataka wanafunzi wabuni kitu cha kumsaidia mwenzao mwenye hofu au huzuni, kwa vifaa vya nyumbani. Wenzake walitengeneza filimbi, wengine taa. Yeye alikaa jikoni akimsikiliza bibi yake akiitikia majirani: salama, salama, salama. Siku hiyo bibi yake alikuwa anaumwa jino, hata uji haunyweki.

"Babu," akaniambia, "watu hawawezi kusema si salama. Nitawatengenezea kitu kiwasemee."

Akaomba vipande vya mninga kwa fundi seremala, akavipiga msasa, akavitoboa na kuvifunga kamba ya mkonge. Upande mmoja alipaka rangi ya njano iliyobaki tulipopaka madirisha. Upande wa pili alipaka nyekundu, akavipeleka shuleni kujaribu. Wasichana wa bweni wakakataa. Nyekundu inapiga kelele, walisema, kila anayepita atakuja kuchungulia. Akavirudisha nyumbani, akakwangua ile nyekundu yote, kisha akauchoma upande ule kwa chuma cha moto mpaka ukawa mweusi kama kitako cha chungu. Hapo wakakubali.

Matumizi yake yalikuwa mepesi. Kibao kinatundikwa mlangoni. Njano, niko salama. Nyeusi, si salama. Anayeona nyeusi haruhusiwi kuuliza kwa nini. Anakaa karibu tu, na kazi yake mkononi akipenda, mpaka mwenyewe aseme au akigeuze.

Alitundika kimoja kwenye mlango wa chumba chake na kingine kwenye mlango wetu. Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, alipoviona alicheka mpaka akakohoa.

"Kaka, sisi vibao tulipigwa. Wajukuu zako wanavitundika!"

"Ndiyo elimu ya siku hizi," nikamjibu.

"Na wewe ukinuna unageuza?"

"Mimi nina mdomo."

"Mdomo anao," mke wangu akadakia, "cha kusema ndicho hana."

Tulicheka wote. Lakini mke wangu hakukifanyia mzaha kile kibao. Siku rafiki wa mjukuu wetu alipohamishwa shule, cha mlangoni kwake kikageuzwa cheusi. Mke wangu akachukua ungo wake wa kunde, akaketi mkekani mle chumbani, akawa anachambua bila neno. Jioni nikawasikia wanacheka.

Shule iko mbali, na ni mimi niliyepanga mtoto apelekwe na kurudishwa kwa pikipiki ya kijana wa mdogo wangu. Mke wangu alitaka atembee na wasichana wenzake. Nikamwambia, akibebwa na mjomba wake nani atamgusa? Nilijiona nimepanga kama mwanaume mwenye nyumba anavyopaswa kupanga.

Ijumaa moja alirudi kwa miguu, amechelewa, viatu vimejaa vumbi.

"Pikipiki iko wapi?"

"Nimetembea, babu."

"Unamwacha mjomba wako anakusubiri barabarani? Hayo ni maringo."

Akavua viatu mlangoni. Akaingia ndani.

Asubuhi yake kibao cha mlangoni kwake kilikuwa cheusi. Mke wangu alikuwa ametoka mapema kwenda gulioni, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anakuja na familia yake kula chakula cha mchana. Nyumba yetu ni ndogo. Ukiketi sebuleni, mlango ule unautazama usoni. Kichwani nilimwona mdogo wangu akikinyooshea kidole, nikasikia kicheko chake hata kabla hajafika. Nilisimama mbele ya mlango. Kanuni niliijua, na kigoda kilikuwa pale pale miguuni pangu. Nilinyoosha mkono, nikakigeuza kibao, njano mbele, kisha nikaenda kufagia uwanja.

Mke wangu akarudi na kapu lake kichwani. Macho yake yakapita mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake, akaenda jikoni.

Wageni walifika, na yule kijana wa pikipiki akiwa miongoni mwao. Nikamwita mjukuu wangu alete maji ya kunawa. Alipotoka chumbani akakiona kibao, akasimama.

"Nani amekigeuza?"

"Mimi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Tuna wageni."

Akanitazama kama anayetaka kuhakikisha kuwa amesikia vizuri. Kisha akachukua jagi na beseni, akaanza kunawisha. Alipofika kwa yule kijana, kijana akasema kwa sauti ya watu wote:

"Wee mpwa, leo hata salamu hamna? Jumatatu nakuacha, ujue!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

"Shikamoo, mjomba," akasema, na maji yakamwagika nje ya beseni.

Jumatatu alitoka na sare zake, shuleni hakufika. Alasiri binti yangu mdogo, anayeishi Hale na mumewe, akanipigia simu.

"Baba, mtoto yuko kwangu."

"Huko anafanya nini, na leo ni shule?"

Ndipo akaniambia. Kwa wiki nyingi yule kijana alikuwa akisimamisha pikipiki kwenye vichaka, anaizima, anakataa kuiwasha mpaka mtoto akubali kuwa mpenzi wake. Ijumaa ile alimshika mkono, mtoto akajichomoa akakimbia.

"Kwa nini hakutuambia?" nikapaza sauti.

"Aliwaambia, baba. Anasema aliwaambia kwa kibao, ukakigeuza."

Nilipokata simu mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuwa na pa kujificha, nikamweleza. Hakunitukana. Aliuliza tu:

"Kilikuwa cheusi?"

"Ndiyo."

"Nami nilikitazama," akasema. "Nilikitazama, nikapita."

Yeye alitaka twende polisi. Mimi nikasema tuanze na ukoo. Ukoo ukakaa, kijana akawaomba radhi wazee, mtoto hakuombwa, na mdogo wangu akasema mambo yamekwisha. Nilikubali yaishe, na hilo ni kosa jingine, tena nililifanya macho yakiwa wazi. Kijana bado anaendesha pikipiki. Akipita mbele ya nyumba yangu anapiga honi.

Nilikwenda Hale kumwomba mjukuu wangu arudi. Nilimkuta uani anaanika nguo. Kwenye mlango wa chumba alicholala kulikuwa na kibao kipya, njano mbele.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Habari za huku?"

"Salama."

Akapokea mzigo wangu wa mahindi, akaupeleka jikoni, akaingia chumbani. Nilipoinua macho kibao kilikuwa cheusi. Safari hii sikutaka kukosea. Nikachukua kigoda, nikakisogeza karibu na mlango, nimeshafumba mdomo wangu nisiulize kitu. Binti yangu akaja, akakishika kigoda kabla sijaketi.

"Baba, si wewe," akasema taratibu.

Akaketi yeye. Nami nikaenda kukaa nje karibu na bomba, mpaka saa ya kuondoka.

Anasoma huko sasa. Hajarudi kwetu, nami sijamwomba tena. Hapa kwetu, kwenye mlango wa chumba chake, kile kibao nilichokigeuza bado kimening'inia, njano mbele, na chumba ni kitupu.

Jioni ile ya kutoka Hale, nilipokuwa nimekaa nikikitazama, simu yangu iliita. Ni yeye.

"Babu, umefika salama?"

Mke wangu aliacha kuchambua kunde, akaniinulia macho.

"Salama," nikamjibu.

Mke wangu akarudisha macho yake kwenye ungo.