Sakafu ya Pikapu

Juzi sokoni Roret nilimwona fundi akichomelea sakafu ya pikapu iliyoliwa na kutu. Harufu ya chuma kilichoungua ilinirudisha kwa Baba, alasiri moja, kando ya pikapu yetu kuukuu iliyomwaga majani ya chai barabarani kupitia matundu yake.

“Weka bati zito, fundi,” Baba alisema. “Kesho tunamleta Mama Cherono nyumbani kutoka hospitali.”

“Pole sana, mzee,” fundi alijibu. Nilidhani anampa pole kwa sababu ya kutu.

Nilirukaruka kwa furaha. Mama alikuwa amelazwa tangu tulipopanda mahindi.

“Wewe Cherono, usiangalie moto!” fundi alinifokea. “Utalia machozi mpaka asubuhi, halafu useme nimekuroga.”

Nikafunika macho kwa viganja, nikasikiliza cheche zikilia kama mafuta ya kukaanga.

Tukirudi nyumbani, Baba alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa koti.

“Baba, uliangalia moto!” nilimcheka.

“Ndiyo, Cherono. Niliangalia.”

Jioni nilifagia sakafu ile mpya, nikatandika blanketi langu ili Mama alale vizuri njiani. Baba alinitazama tu, hakunizuia.

Kesho yake waliweka jeneza juu ya blanketi hilo.