Friza la Mwanamkuu

Soko zima la Kariakoo lilijua samaki wa Mwanamkuu haozi. Tangu biashara ifunguliwe alikuwa na friza lake, na mgao wa umeme ukikaza alilishindilia mabonge ya barafu mpaka mfuniko ukagoma. Mteja akizidisha kunusa, alimfokea: "Kaka, unanunua au unabusu?"

Friza lilinunuliwa na mumewe, Abdulkadiri, dereva wa lori aliyepeleka mizigo hadi kaskazini ya Kenya kabisa. Safari ya mwisho alirudi na homa isiyosikia dawa. Wengu likavimba, tumbo likatangulia, mwili ukabaki nyuma. Daktari akaeleza: usubi ulimwachia mdudu, naye kajificha ndani ya chembe hai za mwili. Dawa ya kwanza imeshindwa. Iliyobaki imefungwa ndani ya vijipovu vya mafuta, vidogo hata hadubini yao haivioni. Chembe huvimeza, dawa ikamkuta mdudu chumbani kwake.

"Yaani mnamtega kwa mafuta, kama panya?"

"Kama panya, mama."

Jyotsna, mwenye duka la dawa mtaa wa pili, akaiagiza kwa kaka yake Jaimin kule Bombay. Chupa sita zikafika Jumamosi mchana, umeme hakuna, jokofu la duka limeshapata joto, na stoo ya hospitali imefungwa mpaka Jumatatu.

"Dada, ziweke pabaridi. Joto litaziua."

"Pabaridi? Unamwambia nani, Jyotsna?"

Akazifunga kwenye kanga, akazizika barafuni chini ya changu. Jumapili alizichungulia mara tatu. Zimekuwa mawe. Akaenda kumwambia mumewe kuwa mambo safi.

Abdulkadiri akacheka kwa shida. "Zisije zikaninukisha samaki."

Jumatatu muuguzi Winifrida aliziyeyusha, akainua moja dirishani. Mabonge meupe yalielea kama maziwa yaliyokatika.

"Mama, nani kazigandisha? Vijipovu vimepasuka. Hii haiingii popote tena."

"Samaki wangu hukaa mwezi na hawaharibiki!"

"Hii si samaki, mama."

Nyingine iliagizwa siku ileile. Ilifika Alhamisi ya wiki ya pili. Abdulkadiri alikuwa amezikwa Jumanne.

Jyotsna alikuja matangani na sari nyeupe, akakaa mkekani. "Sikukwambia zisigande. Sisi wa dukani hilo hatulisemi, tunalijua tu."

"Ungesema ningekubishia," Mwanamkuu akamjibu. "Mimi, kwa barafu?" Akamshika mkono, wakalia.

Eda ilipokwisha alirudi kwenye meza yake, ambayo mdogo wake Maimuna alikuwa akimshikia. Mteja wa kwanza alitaka changu. Mwanamkuu akazamisha mkono barafuni, vidole vikakuta kitambaa. Ile kanga ya zile chupa, imegandia chini ndani ya friza.

"Mama, huyu atakaa mpaka kesho?"

"Sijui, kaka," akasema, mkono bado umo ndani. "Kaulize meza ya pili."