Farasi wa Kwaya ya Baba

Baba alifundisha kwaya mjini Tororo, na muziki wote wa Kizungu aliufundisha kwa mifano ya farasi. Hakuwahi kumgusa farasi. Nadhani alimwona kwenye kalenda ya duka la dawa, na hiyo ikamtosha. Waimbaji wake, wengi wao wauza nguo na mafundi baiskeli, hawakusoma nota. Walijua kwamba farasi mzee ni polepole, farasi wa polisi ni kwa hatua, na farasi aliyeona nyoka ni mbio hadi mwisho. Sauti ya kwanza ilikuwa jike lenye njaa, besi dume lililoshiba. Opera aliiita zizi lenye tiketi.

"Mtu anachomwa kisu, halafu anaimba nusu saa," alikuwa akisema. "Farasi angekufa mara moja. Farasi ana adabu."

Hakuna wimbo ulioanza bila mzaha wa namna hiyo. Aliyecheka, alisema, ameshavuta pumzi. Mkono wake ulishuka kicheko kikiisha, wakaingia pamoja.

Tulimzika nyumbani Masinya. Alikuwa ameomba jambo moja: aimbiwe ule wimbo mrefu wa sauti nne, wote, kabla ya kufukiwa. Niliimba chini yake tangu usichana, kwa hiyo kazi ya kuongoza ikawa yangu.

Asubuhi ya mazishi sikuwa nikisikia kitu moyoni. Niliona kwamba turubai la wageni lilikuwa na kiraka cha bluu, na kwamba mtu amemfunga baba tai ambayo hakuipenda. Shangazi, dada yake baba, alinivuta kando.

"Mama, lia kidogo. Watu naangalia."

"Machozi haijakuja, shangazi."

Nilisimama mbele ya kwaya, jeneza likiwa ubavuni kwangu, nikainua mkono, nikaushusha. Waliingia kila mtu kwa wakati wake, kama watu wanaoshuka kwenye lori. Nikawasimamisha. Mara ya pili besi hawakuingia kabisa. Katekista aliyeongoza ibada alitazama mawingu, kisha akaninong'oneza, "Dada, tuimbe tu ule wa kila Jumapili? Mvua inakuja."

Mzee mmoja wa besi akajibu kabla yangu. "Sisi nangoja farasi. Bila farasi tutaanza namna gani?"

Mizaha ya baba niliijua yote. Lakini kwetu mtoto hamtanii mzazi, sembuse akiwa ndani ya jeneza, na shangazi alikuwa amenikazia macho. Nilisimama na mkono wangu hewani. Katekista akaanza kufungua kitabu chake.

Ndipo akaja binti wa dada yangu, anayeuza viatu Busia. Mjukuu ana ruhusa. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Alikuwa amevaa koti la baba, mikono ya koti ikimfunika vidole. Akagonga jeneza.

"Mume wangu! Miaka yote farasi, farasi, farasi. Hata punda hukuninunulia!"

Wanawake wakaanza kucheka.

"Sasa unanihama kwenda shimoni, mimi nipande nini? Besi? Hawa wameshiba, hawatembei!"

Kwaya nzima ikacheka, mzee wa besi akishika tumbo. Hata shangazi aliziba mdomo kwa kanga. Kicheko kilipokuwa kinaisha nikashusha mkono, na wakaingia, sauti zote nne, kwa pumzi moja.

Mimi sikucheka, wala sikulia. Nilihesabu mapigo. Matone machache ya mvua yalianguka kwenye kifuniko, mtu akayafuta kwa kiganja. Sehemu ya mwisho waliikimbiza kuliko baba alivyopenda, na ningeweza kuwazuia kwa mkono wa kushoto. Niliwaacha. Walipomaliza walibaki wakihema, wakinitazama kana kwamba kuna kingine. Nikasogea pembeni, na wanaume wakashika kamba za jeneza.