Makuti Yaliyoishia Diani

Mtaona mahali nimefuta mara mbili, na herufi nyingine zimelala kama zimechoka. Mniwie radhi, na maneno niliyoyakosea myasome kama yalivyokusudiwa. Shule yangu iliishia darasa la nane, na mkono wangu umezoea kushona makuti kuliko kushika kalamu. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo silimalizi.

Kwetu ni Msambweni, ndani kidogo kutoka barabarani. Mimi na mamangu tumo katika kikundi cha wanawake wanaoshona makuti ya kuezekea, na mengi huuzwa Diani, kwenye mahoteli ya ufukweni. Mama mkubwa, dada yake mama, aliolewa kisiwani upande wa kusini, ng'ambo ya mpaka. Kimbunga kilipopiga kule, tulikaa siku nne bila kujua kama yu hai. Siku ya tano akapiga kwa simu ya jirani. Nyumba ilikuwa imebaki sakafu. Binti yake alikuwa amejifungua wiki ileile, na watu saba walikuwa wanalala chini ya turubai moja. Alisema minazi imesimama mitupu kama nguzo za stima, majani yote yamechanwa na upepo, hata la kushonea kuti hakuna. Mama akamwambia asihangaike, makuti tutaleta sisi.

Kikundi kilikubali siku hiyohiyo, tushone kwa ajili ya kijiji chake kizima. Wenzangu walishona wakitaniana, na mimi wakanitania kwa ukimya wangu. Jirani yetu mmoja, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, alisema watu wa kisiwani wakinisikia nimetoa neno watadhani kimbunga kimerudi. Nilicheka nimeinamisha kichwa. Sijapata kuona watu wakifanya kazi isiyo na malipo kwa furaha namna ile.

Siku hizo simu zetu zilikuwa zinaingia ujumbe asubuhi na jioni: tuma mchango kwa namba hii. Tuliufuta wote. Redioni walikuwa wametuonya kwamba wezi wamejaa. Basi alipokuja bwana mmoja mwenye kanzu safi, akasema anakusanya vitu vya waliopigwa na kimbunga, mwenzetu mmoja akamjaribu kwa kumpa noti. Akairudisha kwa mikono miwili. Alisema pesa zina fitina, yeye huchukua vitu tu, na vitapakiwa chomboni Vanga, bandari ya mpakani. Nyoyo zikatulia. Mwizi gani anakataa pesa?

Akatandikiwa mkeka, akaletewa maji. Akaomba dua, tukaitikia amina. Mimi nilikuwa na swali moja: kule kisiwani nani atapokea? Kwetu mgeni akishaiombea dua sadaka, kumhoji ni kama kumtukana, na sadaka yenyewe unaitia doa. Nikamnong'oneza mama.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Ametuombea."

Nikawa wa kwanza kubeba makuti kuyapeleka kwenye lori.

Mama mkubwa alipopiga tulimwambia yako njiani. Akapiga tena, tukamwambia vivyo hivyo. Namba ya yule bwana ikawa haipatikani, nasi tukajipa moyo kwamba yuko baharini.

Baada ya wiki tatu tulikwenda Diani, mimi na mama, kumuuliza fundi mmoja wa mapaa kama anahitaji makuti. Ni kijana wa bara, mchangamfu.

"Mathe, leo hapana, tumejaza," alisema. "Kuna msee alituletea lori mzima, bei ya kutupa."

Akatuonyesha rundo kando ya ukuta. Mama hushona kwa mkono wa kushoto. Katika kikundi ni yeye peke yake, na mishono yake hulala upande usio wa wenzake. Aliinama akageuza kuti moja, akageuza la pili, la tatu. Fundi akamuuliza kama angependa kuyanunua. Mama akasema hapana, asante, akanishika mkono kama mtoto mdogo.

Tulipokaribia nyumbani ndipo alipozungumza. "Usiwaambie. Ukisema, hawatatoa tena."

Lakini kila siku wenzetu walikuwa wanauliza kama mama mkubwa ameshaezeka. Nikaona kwamba kunyamaza kulishatugharimu mara moja. Nikasimama mbele yao, nikaeleza yote, pamoja na lile swali nililolimeza. Hakuna aliyenitania siku hiyo. Jirani yetu alikunja mkeka wake akaenda zake.

Siku kumi baadaye ilikuja kamati kutoka Ukunda. Wao walileta barua ya chifu, wakatupa namba ya mtu anayepokea kule, wakasema tupige wenyewe kabla ya kutoa chochote. Nilipiga. Nikampigia na mama mkubwa, akasema mpokeaji anamjua, nyumba zao zilikuwa zinatazamana, na tayari amewagawia watu unga. Nikawaambia wenzangu kwamba hawa ni wa kweli.

"Hata yule alikuwa wa kweli," jirani akajibu. "Si wewe uliyetufumbua macho? Sasa wataka tuyafumbe?"

Lori la kamati liliondoka na makuti ya mimi na mama tu, tuliyoshona kwa siku mbili mpaka vidole vikachubuka. Yalifika. Yametosha kufunika pembe moja, pale anapolala mzazi na mtoto wake. Wengine bado wako chini ya turubai lililotoboka, na mvua imeanza. Mama mkubwa alipopiga juzi hakuuliza kama kuna mengine yanakuja. Alisema mtoto anakohoa, akatusalimia, simu ikakatika. Mama alikaa na ufito wa kushonea kuti mkononi bila kushona.

Kikundi bado kinakutana. Wanashona ya kuuza. Nikitaja kisiwa, wanainama kwenye kazi zao.

Ninyi mnaosoma, niandikieni. Kama kwenu watu walidanganywa kisha wakatoa tena, nielezeni ni nani aliyewaambia, na alitumia maneno gani. Mimi nayatafuta kila siku siyapati. Nitawasomea wenzangu barua zenu palepale mkekani, kwa sauti, ingawa najua itatetemeka.