Fundi Rangi Aliyekata Kamba

Kifupi alikuwa akipaka rangi maghorofa, akining'inia kwa kamba nje ya madirisha ya watu. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kila upepo ulipovuma aliinua macho kwenye kushona kwake na kutazama miti.

Siku hiyo miti ilikuwa imeinama tangu asubuhi. Mchana, akiwa anatia kola kwenye shati la shule, simu ililia. Alikuwa fundi rangi mwenzake Kifupi, na nyuma yake palisikika makelele ya watu.

"Shemeji, njoo huku kazini haraka. Kifupi amekata kamba!"

"Amefanya nini?"

Simu ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Akapiga ya mumewe, ikaita mpaka ikachoka.

Mtu akiambiwa mwenzake amekata kamba haulizi maana. Anauliza maziko ni lini. Wifi yake, aliyekuwa akishona vifungo kando yake, alimwona alivyobadilika.

"Wifi, kuna nini?"

"Kaka yako amekata kamba," alisema, akatoka mbio pekupeku, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

Kwenye pikipiki alitetemeka hata dereva akamwambia amshike vizuri. Hakulia. Aliwaza watoto watatoka shule saa ngapi, na nani atawaambia.

Chini ya lile ghorofa watu walikuwa wamejaa. Rangi nyeupe ilikuwa imetapakaa mpaka getini, na katikati yake ndoo iliyopasuka. "Nipisheni," alisema. Watu wakampisha, lakini yeye hakusogea. Alijifunika uso kwa viganja. Asichokiona bado hakijatokea, ndivyo alivyojidanganya.

"Mama watoto."

Kifupi alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, meno yakigongana. Shingoni alikuwa na alama nyekundu, kama aliyechapwa.

"Upepo uliirusha ndoo, rangi ikammwagikia," mwenzake alieleza, "kamba yake ikamzunguka shingoni, ndoo inavuta chini. Bila kile kisu chake, basi tena. Nilikwambia shemeji, amekata kamba."

"Ya ndoo! Ungesema kamba ya ndoo!" Mke wa Kifupi alimpiga fundi yule ngumi za kifua, na ndipo machozi yalipomtoka.

Waliporudi nyumbani, vilio walivisikia tangu barabarani. Wifi alikuwa ameshawapigia ndugu wote. Viti vimetolewa nje, majirani wamejaa uani. Kifupi alipoingia, mweupe kwa rangi kuanzia nywele mpaka viatu, vilio vilikatika ghafla. Mtu mmoja aliruka ukuta.

Mama yake Kifupi hakukimbia, ila alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Usinisogelee. Nani wewe?"

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu ameshakata kamba."

"Nimeikata kweli, mama. Nina njaa."

Bibi yule alinyoosha kidole kimoja, akamgusa shavuni, akakivuta haraka kama aliyegusa jiko. Akamgusa tena. Shavu lilikuwa na joto. Hapo akaanguka kifuani pake, rangi na yote.

Kifupi hakupanda tena juu. Siku hizi anapaka vyumba vya ndani, akisimama kwenye stuli, na hata hapo mkono wake mmoja haubanduki ukutani.